Swaumu Amewekwa Ndani

Mkange, 6 Agosti 2025

Kwako Swaumu binti Shuaibu,

Nakusalimu kwa kuwa salamu ni ya Mungu, si kwa kuwa umeistahili.

Juzi nimeamka, nimeswali, nimeshika simu nitume ujumbe wangu wa sauti kwenye kundi la ukoo kama ada, nakuta maandishi: Swaumu ameondoka. Ameondoka kwenda wapi? Nikamwita binti yangu Mwanahija anifafanulie. Akasema, "Mama, kajitoa." Kajitoa! Kwenye kundi la Ukoo wa Mzee Pazi, babu yako mzaa baba, kundi alilolifungua baba yako mwenyewe na ndugu wa mpaka Pangani wamo! Nikatafuta picha yako, haipo. Nikatafuta ule ukurasa wako wa video, wa Nesi Suu, ambao wanawake wa hapa wakiuona wanasema mtoto wetu huyo. Nao haupo.

Sasa niambie nani kakuudhi. Kwetu mtu hainuki barazani kwa ndugu zake bila kuaga ila awe amesusa. Kama ni mimi, kwa kusema mbele ya ukoo kwamba umekonda, nilisema kwa mapenzi, na umekonda kweli.

Ningekupigia kwa kile kitochi cha Zuhura, mwenzako wa chumbani, lakini simu yangu unaijua. Sikioni imekufa. Mpaka niweke spika, na nikiweka spika majirani wote wanakaa kusikiliza, wengine wanachangia. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Nampa barua hii Abdulazizi wa basi, akufikishie hapo chuoni Bagamoyo. Jibu upesi. Napeta ufuta na moyo haumo.

Shangazi yako na somo yako,
Tabia binti Pazi

*

Bagamoyo, 10 Agosti 2025

Shangazi, shikamoo.

Sijasusa. Narudia tena, sijasusa, na wala hujaniudhi. Nimepumzika mitandao tu kwa muda. Wanafunzi siku hizi tunafanya hivyo: mtu anaiacha simu, kichwa kinapoa, anasoma, halafu anarudi.

Kwanza nilijitoa kwenye makundi na kufunga ule ukurasa, nikidhani inatosha. Haikutosha. Nikajikuta natazama mechi za mpira, mimi ambaye hata sijui nani anacheza na nani. Basi simu nikaipeleka kwa Mama Nurjehan, yule mwenye duka la kanga karibu na soko, nikamwambia aifungie na asinipe hata nikija nalia. Kaiweka kwenye droo ya nyuzi. Na kundi la ukoo, Shangazi, usinune, lakini nyie mnaongea! Wewe peke yako kabla sijanywa chai umeshatuma sauti juu ya sauti, na zote inabidi nizisikilize maana ukiniuliza baadaye nisipojua ni kesi.

Masomo yanakwenda vizuri. Likizo hii sitakuja Mkange, nina shughuli ndogo chuoni. Usinitafutie sababu, hakuna sababu.

Msalimie Mwanahija. Ufuta mwema.

Mwanao,
Swaumu

*

Mkange, 14 Agosti 2025

Swaumu,

Marahaba.

Barua yako nimeisoma na sijaiamini hata mstari. Ati kichwa kipoe! Msichana hajifichi machoni pa watu bure. Picha kaondoa. Sauti haisikiki. Likizo haji kwao. Na shinda yake ni duka la kanga. Hata mtoto wa Mkange anajua hiyo ni nini: umewekwa ndani. Kuna posa imepokewa na harusi iko njiani.

Unajua aliyenifumbua macho ni nani? Mina, jirani yangu, tena kisimani, mbele za watu. "Hongera mama Mwanahija, nasikia mwali yuko ndani." Nikacheka cheko la kuficha aibu. Mimi somo yako, niliyekuweka ndani na kukufunda ulipovunja ungo, niliyelala nawe chumba kimoja mpaka nikakutoa kwa ngoma, leo naletewa habari zako na Mina na ndoo yake!

Kumweka ndani mwali kabla ya ndoa ni haki ya somo wake. Haki hiyo haiazimwi. Sasa aliyekuweka ni nani? Kama kaka yangu Shuaibu kakaa huko kazini kwake Makurunge akapokea posa akanizunguka, basi kanizika hai. Sitamuuliza. Nina hadhi yangu, na nikimpigia majirani watasikia. Nakuuliza wewe.

Nimelia, Swaumu. Nimelia mpaka Mwanahija akaninyang'anya ungo nisimwage ufuta.

Tabia binti Pazi

*

Bagamoyo, 17 Agosti 2025

Shangazi yangu, shikamoo, na nisamehe.

Haolewi mtu. Baba hajapokea posa ya mtu yeyote wala hajui lolote. Hakuna duniani wa kuniweka ndani ila wewe.

Jana nilikwenda dukani kwa Mama Nurjehan nikijidai napita kusalimia. Kwa kweli nilikwenda kuomba simu niitazame kidogo, kidogo tu. Sijafungua kinywa, namwona Mina wa kwenu amekumbatia rundo la kanga, doti zote za rangi moja. Aliponiona akapiga ukelele, "We mwali! Unatembea juani, hiyo rangi itabaki?" Akanitupia kanga kichwani mbele ya wateja, akaanza kunisukuma ukutani kwenye kivuli. Shangazi, wanawake wa Mkange wameshachukua sare ya harusi yangu! Na bwana harusi wameshampata, ni mwalimu wa Msata. Simjui mwalimu yeyote wa Msata.

Mina alipoondoka nikamwambia Mama Nurjehan, nipe simu, niandike neno moja tu, siolewi, halafu nakurudishia. Akafunga droo, akautia ufunguo kwenye mkufu wake wa shingoni. "Uliniambia nisikupe hata ukilia," akasema. "Haya, lia." Nikalia kweli. Hakunipa. Alinipa maji ya kunywa na kiti.

Sasa nakwambia nililokuficha. Nimefeli famakolojia, ile elimu ya dawa. Nina mtihani wa marudio mwezi ujao, chuoni tunauita sapu. Nikifeli na huo naondolewa, narudi nyumbani bila uuguzi wala ukunga. Kinachonishinda ni hesabu za dozi: mtoto wa uzito huu apewe dawa kiasi gani, dripu idondoke kwa kasi gani. Nikikosea kwenye karatasi napoteza alama. Nikikosea wodini nampoteza mtoto wa mtu. Na mimi usiku wa kuamkia mtihani ule nilikuwa najibu watu wanaoniita nesi, kabla sijawa nesi. Ndiyo maana nimeiacha simu. Naona haya, Shangazi. Usimwambie mtu, hata baba.

Nishauri. Nikirudi mtandaoni kukanusha harusi, najijua, sitatoka huko tena hadi siku ya mtihani. Nisipokanusha, kijiji kizima kitakuja harusini na hakuna bwana.

Swaumu

*

Mkange, 21 Agosti 2025

Mwanangu Swaumu,

Marahaba, marahaba, na marahaba tena.

Barua yako niliisoma nimesimama. Nikakaa, nikaisoma upya. Kwanza nilifurahi mno kwamba sikuzungukwa, nikacheka peke yangu. Kisha nikaona haya, maana wewe uliiandika unalia na mimi nacheka. Nisamehe nawe.

Sasa sikiliza. Hutoki. Hurudi mtandaoni kukanusha chochote. Mwali hatoki nje kwa sababu ya kelele za kisimani, na kisima cha Mkange unakijua, hakinyamazi hata kiangazi.

Jana baada ya darsa la wanawake niliwazuia wasinyanyuke. Nikasema, "Swaumu yuko ndani, ni kweli. Nimemweka mimi. Haolewi, na huyo mwalimu wa Msata mrudisheni mlikomtoa. Yuko ndani anafundwa kazi ya ukunga, na akiiva nitamtoa mimi mwenyewe. Mpaka siku hiyo mtu asimpigie, mtu asimfuate." Wakaguna. Mina akadakia, huyo hajawahi kupitwa na neno, "Ndani hiyo anafundwa nini hasa, mbona siri?" Nikamwambia, "Mina, wewe ulipowekwa ndani, uliyofundwa huko ulimsimulia nani?" Nikatazama huku na huku, wote wanatazama mkeka. Ya ndani hayasemwi nje, na hakuna mwanamke wa pwani hii asiyelijua hilo. Haya yako yamo humo. Hakuna atakayeuliza tena.

Kanga wamekataa kuzirudisha. Wanadai rangi imewakaa. Zimeandikwa TULIZANA MWANANGU SIKU YAKO YAJA, wala hawakujua wanamchagulia nani maneno hayo. Nimewaamuru wazifungie masandukuni.

Sasa masharti, kwa kuwa nimeshasema nimekuweka mimi, na sisemi uongo mbele ya darsa. Kula ushibe. Lala ukichoka. Na hizo hesabu za dozi acha kuzitumbulia macho kama mbuzi kaona gari. Zitie kwenye nyimbo. Mimi nilikufunda kwa nyimbo, na mpaka leo hujasahau hata moja, ingawa ulikuwa unasinzia. Kilichoimbwa hakitoki kichwani. Chukua ile ya kinu na mchi, utoe maneno yake, utie ya dawa zako. Imba ukifua, imba ukipika, mpaka Zuhura akuchoke.

Kufeli siyo kufa. Mimi nakuonea fahari leo kuliko siku zile za video. Siku zile walikupenda wasiokujua. Leo umejifungia mwenyewe, hujafungiwa, na hilo mimi sikuweza kukufunda, umelitoa kwako. Ninataka mkunga wa kwetu, anayejua bibi zao wale watakaozaliwa. Na nikizeeka nataka nichomwe sindano na mkono niliouosha mimi ulipokuwa mdogo.

Usinijibu mpaka umalize. Mwali haandiki barua.

Somo yako,
Tabia

*

Bagamoyo, 12 Septemba 2025

Shangazi, shikamoo.

Nimemaliza leo. Swali la kwanza lilikuwa dripu ya mtoto. Nikaanza ule wimbo wa kinu na mchi, kimoyomoyo, lakini nadhani midomo ilicheza na kichwa pia. Msimamizi akaja akasimama kando yangu, akatazama, akaondoka taratibu. Baadaye nikasikia amewaambia wenzake kuna binti alikuwa anasoma dua ndefu sana.

Sijui matokeo yatakuwaje. Siwezi kusema nimefaulu. Naweza kusema hakuna swali nililoliacha wazi, na hilo halijawahi kunitokea. Zuhura naye anasomea maabara, lakini sasa dozi zote anazijua, anaziimba akioga.

Mama Nurjehan aliposikia nimemaliza akanitolea simu mwenyewe. Nikaishika. Shangazi, ilikuwa nzito kuliko nilivyoikumbuka. Nikamwambia airudishe drooni mpaka matokeo yatoke. Akanitazama juu ya miwani, akasema, "Sasa umekua."

Swaumu

*

Mkange, 15 Septemba 2025

Marahaba. Nimepata yako. Ufuta umekwisha kupetwa, sina pa kushikisha mikono. Sisemi mengi, nikianza sitanyamaza. Bado uko ndani. Kaa.

Tabia

*

Bagamoyo, 26 Septemba 2025

SHANGAZI!

Nimefaulu! Nimefaulu, Shangazi yangu, wallahi nimefaulu, tena si kwa kuchungulia mlango, ni miongoni mwa alama za juu! Mwalimu wa famakolojia aliniita ofisini, akaniuliza nilikuwa nasoma kwa nani, maana njia za hesabu nimeziandika kwa mpangilio ambao yeye hakuufundisha. Nikamjibu kwa sauti: kwa somo yangu, Mkange. Akaandika! Nadhani anafikiri ni chuo.

Baba nimempigia kwa kitochi cha Zuhura nikamwambia yote, kufeli na kufaulu. Akasema atakuja na mbuzi. Nilimsikia anapenga kamasi.

Sasa uko huru kuwaambia wanawake kila kitu. Nimechoka kuficha.

Nesi wako mtarajiwa,
Swaumu

*

Mkange, 28 Septemba 2025

Mwanangu,

Barua niliifungulia shambani. Nilipiga vigelegele peke yangu mpaka ngedere wakakimbia na mihogo ya watu. Mwanahija alikuja mbio akidhani nyoka.

Mimi siwaambii kitu. Yaliyokuwa ndani ni yako, ukitaka kuyasema utayasema kwa kinywa chako. Langu mimi ni kukutoa, na ninakutoa Jumamosi. Usije umejipamba kama bibi harusi. Vaa ile sare yako nyeupe ya uuguzi, ipigwe pasi mpaka isimame yenyewe. Udi na ubani nitafukiza mimi. Masanduku yamefunguliwa tangu jana, Mkange nzima ni kanga moja.

Njoo, mama. Njoo nikuone.

Somo yako,
Tabia

*

Bagamoyo, 6 Oktoba 2025

Shangazi, shikamoo.

Nimerudi salama. Sauti imenikauka na sare yangu bado inanukia udi, wagonjwa wa wodini ninakofanyia mazoezi leo wameniuliza natoka harusi ya nani.

Lazima nikwambie, pale nilipoomba kimya nikasema nilifeli, nilikuwa nimeshikilia kanga yako nyuma ya mgongo wako ili nisianguke. Nilidhani watazivua zile sare mmoja mmoja. Halafu aliyeanza kigelegele ni nani? Mina! Mina, akaja kunikumbatia akisema na yeye alifelishwa darasa la saba na hajawahi kumwambia mtu. Umri wangu wote nilimwogopa yule mama.

Lakini siandiki kwa hayo. Naandika kukugombeza, kwa adabu zote.

Leo mchana nimechukua simu yangu. Mama Nurjehan amekataa shukrani, amesema nimnunulie doti moja, basi. Nikamwomba baba anirudishe kwenye kundi la ukoo, akanirudisha. Kitu cha kwanza nikasema, nimtumie Shangazi ujumbe mbele ya ukoo mzima, nimshukuru. Natafuta jina lako, silioni. Natafuta tena. Humo. Nikampigia baba. Akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba ulijitoa Agosti, tarehe ishirini.

Tarehe ishirini, Shangazi. Siku ile ya darsa. Uliniandikia kesho yake, karatasi mbili zimejaa, na hilo hukulitaja.

Baba maskini alidhani dada yake na binti yake wote wamemsusa, na hajui kosa lake. Ameshanunua sukari ya kukuletea akuombe radhi, Jumamosi alishindwa kuitoa garini, aliogopa kukuharibia shughuli. Na wewe, ambaye chai haipiti kooni mpaka utume sauti! Umekaaje? Kwa nini hukuniambia?

Mwanao,
Swaumu

*

Mkange, 9 Oktoba 2025

Mwanangu Swaumu,

Marahaba.

Ningekuambia ungenihurumia, na mwali kazi yake si kumhurumia somo. Ulipovunja ungo nililala nawe kwenye chumba kile kile, mkeka ule ule, na nje nilikuwa na shamba na mume mgonjwa. Sikutoka mpaka ulipotoka. Sasa nikisimama mbele ya darsa nikasema nimekuweka ndani mimi, halafu nirudi nyumbani nikashinda barazani kwa ndugu napiga soga? Huo ungekuwa usomo gani? Mwali haachwi ndani peke yake.

Ilikuwa ngumu, sikufichi. Siku za mwanzo mdomo uliniwasha, nikawa nazungumza na kuku. Mwanahija akanibembeleza nirudi, nikamwambia wewe huna simu ila vitabu vya dawa, na mimi nina kuku, nimekuzidi.

Baba yako mwambie sukari ailete. Sina kinyongo naye, lakini sukari ailete.

Na sasa, mama, tumetoka. Mwambie anirudishe kwenye kundi. Ila kabla sijatuma sauti yangu, wewe tangulia kuandika, kwa maandishi makubwa, hata wa Pangani waone: Tabia binti Pazi amerudi. Hakuwa amesusa. Alikuwa ndani na mwali wake, na mwali wake ameiva.

Kisha kaa chini unisikilize. Nina habari za tangu Agosti.

Shangazi yako na somo yako,
Tabia binti Pazi